Nilivyopata wimbi la mwamba wa mbali baada ya kupuuza washauri

Nilikwenda kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, na aliyeniambia "ukifika lala kwenye ubao, piga mikono tu majini, nyoosha moja kwa moja" nina neno naye. Huenda hilo linafaa ufukwe wa mchanga. Kwenye mwamba wa matumbawe wimbi hutoka maji ya kina likakuta maji mafupi ghafla, likasimama na kupinduka papo hapo. Ukilifuata kwa mbele, limekupata.

Mimi lilinipata vizuri. Niliruka kutoka botini bahari ikiwa imetulia, nikaelekea pale pale lilipokuwa linavunjika. Kumbe ule utulivu ni mapumziko tu, mawimbi huja kwa makundi. La kwanza lilininyang'anya ubao, la pili likanizamisha, nikafumbua macho nikaona matumbawe yananijia usoni. Nikajikunja, mikono kichwani. Kila nikiibuka, povu jingine. Kamba inayofunga ubao mguuni ilivutika hadi nikadhani goti litaondoka nayo. Mwenye boti alinitazama tu, na nilimwelewa: nani angeingiza chombo pale?

Dawa ilikuwa uvivu. Kesho yake nilikaa botini mlangoni, pale maji ya kina yanapopita kando ya mwamba na mawimbi hayavunjiki, nikatazama kwa muda mrefu. Maji yanayosukumwa juu ya mwamba hurudi baharini kwa njia hiyo hiyo, kwa hiyo mkondo wenyewe ulinitoa nje. Hata nywele hazikulowa!

Kisha alama za kujua pa kusubiri wimbi. "Kaa walipo wenzako," walisema washauri, na huko hakuna hata mtu mmoja. Nikachagua mti mkavu ufukweni na pengo la kilima nyuma yake. Mti ukikaa katikati ya pengo, niko mahali penyewe. Mkondo ukinisogeza, mti unahama, napiga mikono mpaka urudi. Wavuvi hupata miamba yao hivi hivi. Hili najivunia kuliko wimbi lenyewe, ingawa wimbi nalo, jamani, lilinibeba mpaka miguu ikatetemeka.

Kwenye utabiri wa mawimbi, kimo peke yake hudanganya. Mita 1.5 zenye sekunde 16 kati ya wimbi na wimbi zimetoka dhoruba ya mbali, na zina nguvu kuliko mita hizo hizo zenye sekunde 8. Mimi nilisubiri maji yajae nusu, yakiwa bado yanapanda. Ukianguka, anguka bapa kama jani, usitangulize kichwa wala miguu. Boti ilinila pesa nyingi, sitaki hata kuhesabu.

Mwingine alinishauri nikamulie ndimu kwenye michubuko. Nililia machozi. Maji safi, sabuni na brashi ya meno mpya, laini, ndivyo vilivyotoa chembe za matumbawe. Zikibaki ndani, kidonda hukawia kupona, na ukiona kinavimba na wekundu unasambaa, hapo ni daktari, si ndimu.