Akiba ya Mwadui

Wapendwa katika Bwana, tunapomtaja tajiri katika mafundisho yetu, mara nyingi huwa tumekwisha kumhukumu kabla ya kumtazama. Sura ya 28 ya kitabu cha Ayubu haianzi hivyo. Inaanza kwa kumstahi mchimbaji, anayeingia gizani, anayening'inia mbali na makao ya watu na kupasua majabali mpaka jicho lake lione kila kitu cha thamani. Nimeisoma juma hili nikimfikiria John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada ambaye jina lake lingali likitajwa Shinyanga.

Alizaliwa Quebec mwaka 1907, akasomea jiolojia katika Chuo Kikuu cha McGill hadi shahada ya udaktari, kisha akaja Tanganyika katika miaka ya 1930. Alijua kwamba almasi zinazookotwa kwenye changarawe lazima ziwe na chimbuko, yaani mwamba wa kimbaliti uliopanda kutoka vilindi vya dunia, naye akaendelea kuutafuta huku fedha zikimwishia, malaria ikimsumbua, na kazi ikisimama kwa mikopo ya watu kama I.C. Chopra, mwanasheria wa Mwanza. Machi 1940 aliupata huko Mwadui, Shinyanga: eneo la hekta 146 hivi, miongoni mwa miamba mikubwa kabisa ya aina hiyo iliyowahi kuchimbwa duniani. Uvumilivu wa namna hiyo Ayubu hakuubeza, wala mimi siubezi, ijapokuwa mikono iliyochimba na kuchekecha kwa sehemu kubwa ilikuwa ya Waafrika ambao majina yao hatuyasikii.

Mwaka 1947 ilipatikana Mwadui almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5 (karati ni kipimo cha uzito wa vito), na Williamson akamzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyekuwa akifunga ndoa mwaka huo. Ilipokatwa na kung'arishwa zilibaki karati 23.6, ambazo baadaye ziliwekwa katikati ya pambo la kifuani lenye umbo la ua. Watu wengi wanamkumbuka kwa jiwe hilo. Mimi naguswa zaidi na mawe ambayo hakuyatoa.

Biashara ya almasi wakati ule ilikuwa mikononi mwa kampuni ya De Beers, waliopanga bei na kiasi ambacho kila mgodi ungeuza. Williamson hakutaka kupangiwa. Mvutano ulipokuwa mkali alizuia almasi zake zisiende sokoni, akazihifadhi zikiongezeka huku akisubiri masharti bora. Kibiashara lilikuwa jambo la ujasiri, na huenda alikuwa na haki. Lakini alifariki Januari 1958 kwa saratani ya koo, akiwa na miaka 50, bila mke wala mtoto. Mwaka huohuo warithi wake waliuza mgodi, nusu kwa serikali ya kikoloni na nusu kwa De Beers walewale. Zaburi ya 39 inasema juu ya mwanadamu kwamba huweka akiba wala hajui ni nani atakayeichukua. Hapa mchukuaji alikuwa yule aliyezuiwa mlangoni kwa miaka mingi.

Hatuwezi kuipima roho ya marehemu, na Ayubu hatupi ruhusa hiyo. Akiisha kumsifu mchimbaji, anauliza hekima itapatikana wapi, kisha anaita vilindi na bahari vitoe ushahidi, navyo vinajibu kwamba haimo ndani yao. Swali hilo linamhusu pia mchimbaji mdogo mwenye chekeche lake, na mzee wa kanisa mwenye viwanja vitatu ambavyo watoto wake wameanza kuvigombania angali hai.

Basi juma hili tuisome sura hiyo yote nyumbani, pamoja na vijana wetu walioko machimboni. Tuwaombee pia wanavijiji jirani na Mwadui, ambao Novemba 2022 bwawa la matope la mgodi lilibomoka na kufunika makazi na mashamba yao.