Namna nilivyoitibu karabini ya M1 iliyokuwa inajam, na nilivyopata spea zake

Kama una bunduki ya semi-otomatiki (inayojipakia risasi yenyewe) ya zamani na inakukwamia, usikimbilie kununua spea kabla hujajua inakwama VIPI. Nalisema hili mwanzo kabisa sababu watu wengi niliowauliza walikuwa na jibu moja tu, badilisha springi zote badilisha magazini zote (vile visanduku vya risasi) badilisha bolti (chuma kinachofunga nyuma ya risasi), yaani unamaliza hela na bunduki bado inajam vilevile na sasa hujui tena tatizo liko kwenye kipi.

Bunduki yenyewe ni M1 Carbine, ile karabini ndogo ya Wamarekani ya vita vya pili, risasi yake ni .30 Carbine. Ni ya baba mkwe wangu, tunaishi wote Ohio upande wa Dayton, mzee aliinunua 1963 akiwa kijana, enzi zile serikali ilikuwa inawauzia wanachama wa NRA (chama cha wenye bunduki Marekani) karabini za jeshi kwa kama dola 20 hivi, leo ukiambiwa bei yake unashika kichwa. Mzee macho na mabega yamechoka akaniachia mimi, na akaniambia wazi kwamba anataka niende nayo Camp Perry, uwanja wa shabaha hapahapa Ohio, kwenye mashindano ya karabini, pale CMP (shirika la kulenga shabaha kwa raia) wanaendesha mechi ya M1 Carbine kwa umbali wa yadi 100 na kuna hatua za kupiga haraka ndani ya muda. Sasa kwenye hatua ya haraka bunduki ikikukwamia, pointi zimekwenda. Na hii ilikuwa inakwama ndani ya kila magazini moja, wakati mwingine mara mbili.

Kabla ya chochote, utaratibu wangu ni huu na siuruki hata nikiwa na haraka: natoa magazini, navuta slaidi (kile chuma cha pembeni kinachoteleza na kusukuma bolti) nyuma naifunga kwa kile kipini kidogo kilichopo kwenye mkono wa slaidi, naangalia chemba (mahali risasi inapokaa kupigwa) kwa macho halafu naingiza kidole. Risasi zinakaa chumba kingine kabisa siku ya kufungua bunduki. Kwenye renji napo ikijam mtutu unabaki umeelekea kwenye shabaha, kidole nje ya triga, ndo unaanza kuangalia nini kimetokea.

Nikachukua daftari, na kila ikikwama siisafishi kwanza, naiangalia imekwamaje halafu naandika. Magazini nazo nikazibandika tepu nikaandika A, B, C, D. Hii kazi ya tepu na kalamu ndo imenisaidia kuliko spea yoyote niliyonunua baadae, maana baada ya muda mfupi nikaona kumbe sio tatizo moja ni matatu yamekaa pamoja, na kila moja lina sura yake.

La kwanza, risasi mpya inapanda imeinamisha pua, inagonga chini ya mlango wa chemba na kusimama hapo. Daftari likaonyesha hii inatokea kwenye B na D tu, A na C hazina shida hiyo hata kidogo. Basi hapo bunduki haina kosa, ni magazini. A na C ni za jeshi za enzi za vita, zina herufi za kiwanda zimegongwa nyuma kwa juu, bati lake ukilishika unasikia limekaa. B na D ni za kisasa mzee alizinunua sehemu zamani, hazina alama yoyote, bati jepesi, na midomo ya juu inayoshikilia risasi ilikuwa imefunguka upande mmoja kuliko mwingine, ukiiweka macho usawa na taa unaona kabisa. Kuna watu wanakunja midomo kwa koleo, mimi sikutaka. Magazini ni kitu cha kuchakaa, tangu mwanzo jeshi liliihesabu hivyo, ikiharibika unatafuta nyingine.

Pia kuna hili la magazini ya risasi 30 ambalo linawachanganya wengi. M1 ilianza na magazini ya risasi 15. Ile ndefu ya 30 ilikuja na M2, toleo lake la kupiga mfululizo, mwishoni mwa vita, na kwa kuwa ikijaa ni nzito walibadilisha na latchi ya magazini, wakaiongezea kijino upande wa kushoto cha kubeba uzito. Ukiweka magazini ya 30 kwenye karabini yenye latchi ya zamani inaning'inia kidogo, risasi inapanda chini ya pale inapotakiwa, inajam. Latchi yenye kijino hicho inaitwa ya M2 na ni halali kabisa kuiweka, kazi yake ni kushika magazini tu. Ila spea NYINGINE za M2, zile za kuifanya ipige mfululizo, achana nazo kabisa. Seti kamili ya hizo spea sheria ya Marekani inaihesabu kama bunduki ya rashasha hata kama hujaifunga kwenye bunduki, na ni kesi ya miaka jela. Ukikuta boksi la spea za urithi mahali usilinunue lote bila kujua kilichomo.

Tatizo la pili: bolti inakuja mbele haifungi mpaka mwisho, imebaki kama milimita kadhaa, ukiisukuma kwa kiganja inaingia. Hii ilitokea kwenye magazini zote, kwa hiyo sasa tunaongelea bunduki. Mara nyingi ni mojawapo kati ya uchafu kwenye chemba, grisi iliyokauka, au springi kubwa ya kurudishia slaidi imechoka. Nilipoitoa ile springi nikailaza mezani pembeni ya rula, springi iliyo sawa inatakiwa iwe kama inchi 10 na robo, hii ilikuwa haifiki 10, na katikati ina mahali imepinda kama mtu amekaa nayo vibaya. Haikuhitaji mjadala. Springi mpya ni ya dola chache, ni kati ya spea za bei rahisi kwenye hii bunduki na inafanya kazi kubwa sana, kwa hiyo mimi nikipata karabini nyingine siku moja kitu cha kwanza ni rula.

Na grisi! Karabini hii haitaki kuogeshwa mafuta mepesi. Inataka grisi kidogo tu kwenye masikio ya bolti, kwenye ule mkunjo wa slaidi unaozungusha bolti, na kwenye mifereji ambayo slaidi inatembea. Basi. Kwenye pistoni ya gesi hapana, pale panatakiwa pakavu, ukitia mafuta yanaungua yanakuwa gundi.

Ambapo ndo tunafika tatizo la tatu, na hili ndo lilinipa kazi zaidi. Maganda yalikuwa yanatoka kivivu. Karabini iliyo sawa inarusha ganda mbali kulia, hii ilikuwa inayaangusha karibu na mguu wangu, na mara mojamoja ganda linabanwa wima kwenye mlango wa kutolea maganda kama bomba la moshi. Ganda likitoka kivivu mara nyingi ni moja kati ya mawili, ama ekstrakta (kijino cha kuvuta ganda nje ya chemba) haishiki vizuri ama gesi haina nguvu ya kusukuma slaidi mpaka nyuma. Nikaanza na ekstrakta sababu ni rahisi kuangalia: bolti ikiwa mkononi unachomeka ganda tupu chini ya ekstrakta, likikaa limeshikwa bila kuanguka uko salama, likilegea angalia ncha ya ekstrakta na kale kaspringi kake. Ya kwangu ilishika vizuri. (Kufungua hiyo bolti yenyewe kuna kifaa chake maalum, bila hicho kifaa ile pini na springi vinaruka na kwenye zulia huvioni tena, kinunue tu.)

Basi ikabaki gesi. Sasa hapa naomba nieleze kidogo maana ndo uzuri wa hii bunduki ulipo. Bunduki nyingi za gesi zina pistoni ndefu inayosafiri na slaidi, lakini hii ina pistoni fupi chini ya mtutu, inasogea kama milimita tatu na nusu tu, inaipiga slaidi ngumi moja halafu inasimama, slaidi inaenda yenyewe kwa ile nguvu. Ni mfumo wa David Marshall Williams, na ndo uliwezesha Winchester kutoa bunduki ya kilo kama 2.4 tu, jeshi likaipitisha Oktoba 1941. Sasa pistoni ya kusogea milimita tatu na nusu, ikipata masizi ya miaka sitini unadhani itapiga ngumi gani? Jaribio lake halihitaji chombo chochote. Toa mtutu kwenye mbao, toa slaidi, halafu uinamishe mtutu mbele na nyuma karibu na sikio. Unatakiwa kusikia tik, tik, pistoni inatembea. Mimi nikainamisha nikasikiliza, kimya. Nikaisukuma kwa kijiti cha mbao, ikasogea kwa shida ikabaki hukohuko.

Pistoni imeshikiliwa na nati, na ile nati imegongwa makusudi kwa patasi pembeni isifunguke yenyewe. Spana yake ni ya peke yake, ina meno ya kuingia kwenye mikato ya nati, ukitumia koleo la kawaida unaila nati na unaweza kuumiza nyuzi kwenye mtutu, na mtutu sio spea ya dola chache. Nilianza na dawa ya kuyeyusha kaboni, nikaidondoshea pale pembeni ya nati mtutu ukiwa umesimama, nikaacha usiku, asubuhi nikaichezesha. Ikalegea kidogo lakini sio sawasawa. Hapo nikampelekea fundi bunduki mmoja mzee mwenye ile spana, akaifungua mbele yangu, ndani kulikuwa na ganda gumu jeusi kama masizi ya chini ya sufuria. Akasafisha pistoni na tundu lake, akaweka nati mpya, akaigonga upya. Pia nikamwomba aweke geji aangalie kama bolti na chemba vinafungana kwa kipimo salama, maana bunduki iliyopita mikono mingi hilo ni lazima ujue kabla hujaendelea kuipiga. Ikapita.

Sasa kwenye spea, kuna jambo linawapa watu wasiwasi bure. Karabini hii ilitengenezwa na makandarasi wakuu kumi, zaidi ya milioni 6 kwa jumla, na wengi hawakuwahi kutengeneza bunduki kabla: Underwood walikuwa watu wa mashine za taipu, Rock-Ola wa mashine za muziki za baa, IBM unawajua, na Inland ya General Motors ilikuwa hapahapa Dayton, wao ndo walitoa nyingi kuliko wote. Sharti la jeshi lilikuwa spea ya huyu iingie kwenye bunduki ya yule. Ndo maana ya mzee ina risiva (mwili wa bunduki unaobeba mtutu na bolti) ya Inland, mtutu wa Underwood, nyumba ya triga ya Rock-Ola, na kuna jamaa aliniambia hiyo ni takataka ya kuunganisha. Si kweli. Baada ya vita jeshi lilizikarabati kwa wingi, zikachanganywa, zikawekewa sefti ya kuzungusha badala ya ile ya kubonyeza iliyokuwa inachanganywa na kitufe cha kuachia magazini. Hiyo ndo historia yake halisi.

Kwa hiyo unaponunua spea soma herufi: I ni Inland, W Winchester, U Underwood, B IBM, Q Quality Hardware, R Rock-Ola, N National Postal Meter, S Standard Products, SG Saginaw. Kwa kupiga shabaha haijalishi herufi gani, kwa anayekusanya inajalisha sana na bei inapanda, wewe jua uko upande gani usilipie herufi bure. Ogopa zaidi spea isiyo na herufi kabisa. Baada ya vita kampuni za kiraia zilitengeneza karabini zinazofanana kwa macho, na baadhi zilibadilisha ndani, kuna zenye springi mbili za slaidi badala ya moja, spea zake haziingiliani na za jeshi. Muuzaji mmoja wa mtandaoni alinitumia slaidi ya aina hiyo akiiita ya jeshi, nikairudisha. Tangu hapo naomba picha ya alama, karibu na mwanga, kabla sijatuma hata senti. Magazini mbili nzuri za jeshi nilizipata kwenye maonyesho ya bunduki, kwa babu mmoja mwenye sanduku la bati, nikazishika moja moja nikabonyeza springi kwa kidole gumba nikaangalia midomo kwenye mwanga, na yeye hakukasirika, wauzaji wa kweli hawakasiriki.

Kisheria hapa Marekani risiva ndo bunduki, hiyo ikitumwa toka jimbo jingine inapitia kwa dila mwenye leseni, spea nyingine zinakuja kwa posta kawaida ingawa majimbo mengine yana masharti yake hasa ya magazini. Na ndugu zangu mlioko kwa viza za muda, wengi wenu sheria ya taifa haiwaruhusu hata kushika bunduki ya mtu renji bila vigezo fulani, uliza mwanasheria kwanza, usihatarishe karatasi zako.

Nilipoirudisha renji na risasi za shaba za greni 110 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi), zile zenye uzito wa asili ya jeshi, maganda yakaanza kuruka kulia mbali, mzee amekaa kwenye kiti nyuma na vifaa vya masikio anayahesabu. Magazini A na C na hizi mbili mpya zimemaliza mazoezi ya haraka bila kukwama. B na D nimezikata na msumeno zisije zikarudi kwenye begi. Kwenye boksi langu la Camp Perry sasa kuna springi kubwa moja, ekstrakta na springi yake, pini ya kugongea, na kile kifaa cha bolti, na mzee amesema spana ya nati ataninunulia yeye.