Visubi kwenye mitambo ya maji: nilivyowadhibiti kwenye joto na kwenye baridi

Nimefanya kazi mtambo wa kusafisha maji sehemu ya joto kali, baadaye nikahamishiwa sehemu ya baridi, na hawa visubi wasiouma, wale wanaofanana na mbu, nimekutana nao kote. Wanaoruka mi siwahangaikii, wanaishi siku chache tu wanakufa wenyewe. Shughuli iko chini kwenye tope, huko ndo kuna funza wao, yaani watoto wao kabla hawajaota mabawa, wengi wekundu sababu wana himoglobini, ile ya kwenye damu inayobeba oksijeni, kwa hiyo hata oksijeni ikipungua wao wanadunda tu.

Kwenye joto, maji yakifika nyuzi 25 hivi, toka yai mpaka mdudu anaruka inaweza kuwa wiki mbili tatu tu, sasa wewe unatoa tope mara moja kwa mwezi si unawafugia jamani? Nikapanga tope litoke kabla kizazi hakijakamilika, filta zikawa zinaoshwa mara nyingi zaidi, kingo za matangi tunasugua kwa brashi maana mayai yanatagwa kwenye ute ute unaonata pale maji yanapogusa ukuta, na taa zilizokuwa juu ya matangi tukazisogeza mbali, usiku mwanga unawaita balaa. Wengi wanakimbilia kuongeza klorini. Mi siikubali sana hiyo, funza anajijengea kijumba cha tope humo anajificha, dozi ya kawaida wala haimstui, na ukizidisha maji hayanyweki.

Nilipofika kwenye baridi ile ratiba nikaiweka pembeni. Huko wanaweza kutoa kizazi kimoja au viwili kwa mwaka, funza anakaa kwenye tope msimu wote wa baridi kimyaa, unaona hakuna kinachoruka unajua wameisha, kumbe maji yakianza tu kupata joto wanaibuka wote kwa mkupuo. Kwa hiyo usafi mkubwa tunaufanya kabla ya hapo, mi naangalia kipimajoto cha maji, kalenda sina shida nayo, na matundu ya hewa ya matangi yanawekewa wavu mwembamba mapema.

Ila kuna jamii moja inaitwa Paratanytarsus grimmii, hiyo jike anazaa bila dume, hata ndani ya bomba lililofunikwa anaendelea tu. Akishaingia huyo wavu haukusaidii kitu, ni kumwaga tangi, kusugua, na kusukuma maji kwa nguvu kwenye mabomba, tena unarudia.