Usiku tuliohamisha nanga nje ya Kayenze

Boti ilikua ya futi 22, ya tanga, na ndani ina kachumba ka kulala watu watatu kama mmeshakubaliana nani anakoroma. Mwenyewe ni injinia mstaafu, mtu wa Kilimanjaro aliyehamia Mwanza kikazi akagoma kuondoka, aliinunua kwa mzungu aliyekua anarudi kwao. Mimi kipindi hicho, 2012, nilikua namsaidia kupaka rangi, kushona matanga na kufukuza ndege wasiinyee, wikendi tunatoka nayo Capri Point tunaizunguka Saanane tunarudi. Siku hiyo akaamka na wazo la kwenda Ukerewe, tulale Nansio. Nikamwambia sawa, ila ngoja nimchukue baba mdogo. Baba mdogo kavua dagaa na sangara tangu hajaota ndevu, na ilikua mwezi wa 11, vuli imeshaanza, na kama ulikua Mwanza ile Mei 1996 MV Bukoba ilipozama basi unajua kwanini mtu hataki kwenda ziwani na watu wanaojua mambo ya kwenye kitabu tu.

Tulichelewa kutoka. Mafuta, mkate, mara simu ya mke wa injinia, saa sita ndo tunapita Kirumba. Na mchana upepo wa kwetu unatoka ziwani unakuja nchi kavu, kwahiyo ukitoka mjini kwenda Ukerewe unakupiga usoni, ikabidi tuende bisha, kushoto kulia kushoto kulia, unatembea maji mengi safari haisogei. Saa kumi jioni ndo kwanza tuko usawa wa Kayenze, Ukerewe unaiona ila ni mbali, na hakuna kati yetu aliyetaka kuingia Nansio gizani katikati ya nyavu za watu. Yale madumu wanayofungia nyavu mchana tu kuyaona kazi.

Injinia akatoa darubini akaona kisiwa. Nyuma ya kisiwa, upande unaoangalia nchi kavu, kuna kaghuba kazuri kweli, mchanga mweupe, kilima kimekinga upepo wote, maji yametulia huoni hata kiwimbi. Tukaingia. Akashusha timazi lake (anatumia timazi la ujenzi, kamba ameipiga fundo kila mita, na chini analipaka sabuni ya mche ili likigusa chini lirudi na ushahidi), likaja na mchanga umeng'ang'ania kwenye sabuni. Mita 4. Akafurahi kama kapata kiwanja mjini. Akasema mchanga unashika nanga vizuri, na ziwa halina mambo ya kupwa na kujaa kama Tanga ambako maji yanashuka zaidi ya mita 3, unalala unaelea unaamka umekaa chini, hapa mita 4 za jioni ndo mita 4 za asubuhi. Yote kweli kabisa. Baba mdogo alikua anaangalia tu milima ya nchi kavu, hajasema kitu.

Nikamuuliza, "Baba mdogo, vipi?"

"Pazuri," akasema. "Tupike hapa. Kulala tusilale hapa."

Injinia ni mtu muungwana, hakuwaka. Akamuuliza, "Kwanini mzee wangu? Upepo wote uko upande wa pili."

"Huo wa sasa hivi, mwanangu. Huo utakufa jua likizama. Wa usiku unatokea kule," akanyoosha kidole nchi kavu, "na mvua ya usiku nayo inapenda kutokea kule kule, huko ghuba ya Speke. Ukija uko hapa, nyuma yako kuna nini?"

Wote tukageuka. Nyuma ni mawe. Yale mawe ya Mwanza unayoyajua, makubwa kuliko nyumba, na mengine yamejificha chini ya maji.

Injinia akaleta hoja yake, na haikua ya kijinga. Upande wa pili muda ule kulikua na mawimbi, ukitia nanga unarushwa mpaka ugali unatoka kwenye sahani, halafu kuhama sehemu wakati giza linaingia ndo watu wanavyopasua boti. Baba mdogo akasema kwani nani kasema tuhame gizani, twende tukaangalie sasa hivi mwanga upo, tukishapajua tunarudi hapa kula, upepo ukifa tunahama. Basi tukawasha Yamaha tukazunguka.

Sehemu ya kwanza tuliyoiona huko ilikua na matete mengi, imejificha vizuri kuliko zote, injinia akaipenda tena. Baba mdogo hata hakujibu, alinyoosha kidole kwenye njia pana iliyolala matete katikati, njia ya kiboko kwenda kula usiku. Achilia mbali mbu, na maji yaliyotulia kwenye majani hivyo ndo nyumbani kwa konokono wa kichocho. Tukapita. Mbele kidogo kukawa na mahali kama mdomo umefunguliwa kuangalia magharibi, mkono wa mawe huku na mkono wa mawe huku, mgongoni kilima. Muda ule panachafuka, povu kwenye mawe, ukiambiwa ndo chumba chako cha kulala utacheka. Timazi likasema mita 5, mchanga na tope. Injinia akazunguka taratibu mara kadhaa kupima huku na huku, maana boti ikiwa kwenye nanga haikai sehemu moja, inazunguka kufuata upepo, na kamba ukiifungua mita 40 lazima ujue hizo mita 40 kila upande hakuna jiwe. Hapo sasa ndo nikaona wale wawili wanaelewana, mmoja anajua chini, mmoja anajua juu.

Tukarudi kwenye kaghuba ka mchanga tukapika ugali na sato. Saa kumi na mbili na nusu kweli upepo ukakata, tanga likaning'inia tu. Tukahama. Nanga ikashuka, injinia akarudisha boti nyuma kwa injini mpaka ikajichimbia, halafu akachagua alama mbili ufukweni, mti na jiwe lenye doa jeupe la kinyesi cha mnandi, moja nyuma ya lingine, akasema usiku ukimulika tochi ukaona zimeachana ujue tunaondoka. Taa tukaning'iniza juu mbele, maana wavuvi wa dagaa wanapita usiku kucha na karabai zao. Ndani ya nusu saa visubi wa ziwani wakaifunika taa mpaka mwanga ukawa wa njano, na kachumba kote wadudu tu, puani, kwenye chai, kila mahali. Sijui kwanini hakuna anayesimuliaga hii sehemu.

Saa tisa usiku nikaamshwa na baridi. Nikatoka, baba mdogo kakaa mbele kajifunika turubai, kiganja kakilaza juu ya kamba ya nanga. Mashariki radi zinawaka bila sauti. Karabai za dagaa ambazo jioni zilikua zimejaa kule mbele nikaona zinazimika moja moja, watu wanakimbilia mialoni.

"Weka mkono," akaniambia.

Nikaweka. Kamba ilikua ngumu, inatetemeka kidogo mfululizo.

"Hivyo ni sawa. Ikianza kugonga, inaacha, inagonga tena, hapo nanga inaburuta. Amsha injinia aongeze kamba."

Haikuchukua dakika kumi ikafika. Upepo kwanza, wa baridi, unanuka udongo wa mvua, ukapita juu ya kilima ukatushukia kwa vipande, boti ikageuka pua mashariki ikavuta kamba, halafu mvua ya kukupiga mpaka huoni mkono wako. Injinia akafungua mita nyingine kumi. Nilikua naogopa, sifichi, ila nikagundua kitu, upepo wote ule na mawimbi hakuna, kilima kimekaa nayo, na nyuma yetu hakuna jiwe, ni ziwa tupu. Baba mdogo akapiga kelele kwenye mvua, kwa raha kabisa, "Hapa nanga ikiteleza tunaenda ziwani! Kule ikiteleza tunaenda kwenye mawe!" Injinia akamulika mti na jiwe. Havijaachana. Akamulika tena, akamulika tena, nadhani mpaka betri zikaisha.

Asubuhi kung'oa nanga tulivuta wawili mpaka migongo ikalia, ilikua imezama kwenye tope haitaki kutoka. Tukapita kwenye kaghuba ka mchanga. Mchanga hauonekani. Upepo wa usiku ulikua umesukuma magugu maji yote ya upande ule ukayajaza humo, kijani tupu toka mawe mpaka mawe, mazito kiasi kwamba ndege wanatembea juu, na pembeni mawimbi bado yanavunjikia palepale boti ingekua. Kamba ya nanga na propela ndani ya kitu kile ungeanzia wapi hata sijui. Injinia aliangalia muda mrefu, akamwambia baba mdogo, "Mzee wangu, leo chai ya Nansio naomba nilipe mimi." Baba mdogo akasema na chapati.

Ule upepo wa nchi kavu ukawa bado upo, safari hii uko nyuma yetu, tukafungua matanga tukanyoosha moja kwa moja bila kubisha hata mara moja. Ukaja kukata karibu na Nansio, kama saa nne hivi, tukamalizia na Yamaha, baba mdogo kashalala chini ya turubai lake na buti zake kichwani.