Puto Lililoondoka Unguja na Kusi

Wakati wa maleleji, kaskazi inapokuwa imekwisha nguvu na kusi bado haijakaza, hapa Lamu mtu hupata nafasi ya kusoma. Majahazi mengi huwa yamepumzishwa, mawingu ya masika yanajikusanya, na wazee wa baharini hukaa barazani wakibishana kuhusu upepo utakaokuja. Ni katika siku kama hizo, miaka michache iliyopita, nilipoamua kuzisoma riwaya za Mfaransa Jules Verne moja baada ya nyingine, nikianza na ile iliyomtoa gizani, ya wiki tano ndani ya puto, iliyochapishwa Paris tarehe 31 Januari 1863. Sikuichagua kwa sifa zake. Niliichagua kwa sababu safari inayosimuliwa humo inaanzia Unguja, na nilipoiona tarehe ya kuondoka, 18 Aprili 1862, nilicheka peke yangu, kwani mtu huyu ambaye Bahari ya Hindi hakupata kuiona hata siku moja aliwapandisha wasafiri wake angani majira yale yale ambayo nahodha wa hapa huanza kuitazamia kusi.

Nilimpelekea habari hiyo mjomba wangu, ambaye aliendesha jahazi hadi macho yalipomkataza. Akaniuliza swali moja tu, kwa Kiamu chetu: “Alikuya lini hapa Pwani, huyo?” Nikamjibu kwamba hakuja kabisa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Basi kuna mtu alimweleza, mwanangu.”

Jibu hilo ndilo lililoniongoza katika kusoma kwangu kote, na ndilo linaloniandikisha leo.

Jules Verne alizaliwa tarehe 8 Februari 1828 mjini Nantes, mahali palipoitwa Île Feydeau, ambapo wakati huo palikuwa kisiwa hasa katikati ya Mto Loire. Mji wenyewe ulikuwa bandari iliyotajirika kwa sukari na kwa biashara ya watumwa wa Atlantiki, na mtoto yule alikua akiona milingoti ya meli mbele ya nyumba za wafanyabiashara. Baba yake, Pierre, alikuwa mwanasheria, na alitaka mwanawe arithi ofisi. Kijana alipelekwa Paris kusomea sheria, akaisoma akamaliza, lakini moyo wake ulikuwa kwenye maigizo. Mwandishi Alexandre Dumas alimsaidia, na mwaka 1850 tamthilia yake fupi ikachezwa jukwaani. Baadaye alikuwa katibu wa jumba la Théâtre Lyrique, kazi yenye heshima nyingi kuliko fedha. Mwaka 1857 alimwoa Honorine, mjane mwenye mabinti wawili, na ili nyumba ipate chakula akaingia kwenye soko la hisa la Paris kama dalali. Kwa hiyo mtu tunayemdhania kuwa alizaliwa na kalamu mkononi alikuwa amefika miaka 34 akiuza hisa mchana na kuandika alfajiri, huku kabati lake likiwa limejaa tamthilia ambazo hazikumletea jina.

Aliyembadilishia maisha ni mchapishaji Pierre-Jules Hetzel, ambaye aliuchukua mswada wa puto mwaka 1862. Wakati huo Ulaya nzima ilikuwa na hamu ya habari za bara letu. Wamisionari Krapf na Rebmann walikuwa wameandika kutoka Mombasa kuhusu milima yenye theluji, wasafiri Waingereza Burton na Speke walikuwa wameondoka Unguja mwaka 1857 wakayafikia maziwa makuu, na suala la chanzo cha Mto Nile lilizungumzwa na kila msomaji wa magazeti. Verne alizisoma ripoti hizo zote. Akamchukua mhusika wake, Daktari Samuel Fergusson, pamoja na rafiki Mskoti na mtumishi mmoja, akawapitisha juu ya Kaole, Zungomero, milima ya Rubeho na Kazeh, yaani jirani na Tabora ya leo. Mtu wa Pwani akiyasoma majina hayo katika tahajia ya Kifaransa hushtuka kidogo, kama aliyesikia jina la mtaa wake likitajwa na mgeni. Hata maneno “waganga” na “pombe” yamo.

Sasa, majina hayo Burton aliyapata wapi? Hakuyaokota njiani. Aliambiwa na viongozi wa misafara, wapagazi, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliokuwa wakiijua barabara ya Ujiji kabla Mzungu yeyote hajaikanyaga, na watu kama Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani, ambaye baadaye alifuatana na Stanley pia. Ukiifuata riwaya hiyo nyuma hatua kwa hatua, kutoka meza ya Paris hadi kitabu cha msafiri, na kutoka kitabu hadi mdomo wa aliyeulizwa, unafika barazani petu. Mjomba alikuwa amesema kweli bila kuisoma.

Ufundi wa puto lenyewe unanivutia kuliko wahusika, ambao kwa kweli ni wepesi. Wenye maputo wa zama zile walipanda kwa kutupa mchanga na kushuka kwa kuachia gesi, kwa hiyo kila kupanda na kushuka kulipunguza urefu wa safari. Fergusson anabuni njia ya kuipasha moto hidrojeni iliyo ndani ya puto, ili ikitanuka puto lipande, na ikipoa lishuke, bila kupoteza chochote. Shabaha yake ni kutafuta tabaka la hewa lenye upepo anaoutaka. Ni kweli kwamba kuwasha moto chini ya hidrojeni ni jambo la kumtisha mtu yeyote mwenye akili, na betri anayoitaja isingetosha kwa kazi hiyo, lakini wazo la kuchagua upepo badala ya kupigana nao ni wazo la baharini. Nilipomweleza Mjomba, alisema kwamba sisi hatukujaliwa upepo wa ghorofa, sisi wetu tunaungoja kwa miezi.

Kuna makosa pia, na mtu wa Lamu ana haki ya kuyataja. Verne anaandika kwamba Unguja ni mali ya Imamu wa Muscat. Hayo yalikuwa kweli wakati wa Seyyid Said, lakini Said alifariki mwaka 1856, na mwaka 1861 uamuzi wa Lord Canning, mtawala wa Kiingereza huko India, uliitenga Unguja na Oman, ikabaki chini ya mwanawe, Seyyid Majid. Mwaka uliofuata, puto linapopaa, Lamu ilikuwa chini ya Majid, na hakuna mtu wa mji huu ambaye angekosea hilo. Kosa dogo, lakini linaonyesha jinsi habari zinavyochakaa zikisafiri kwa meli.

Kosa kubwa si la tarehe. Humo mna sura ambapo kundi la nyani linadhaniwa kuwa ni wenyeji wanaoshambulia puto, na wasafiri wakafanya mzaha kwamba tofauti haionekani. Niliposoma hapo mara ya kwanza nilikifunga kitabu kwa siku mbili. Wako wanaosema kwamba hayo yalikuwa mazoea ya zama zake. Mimi nasema mazoea yana mwenyewe: mtu aliyeweza kuwazia moto na gesi vikikaa pamoja kwa salama angeweza pia kumwazia Mnyamwezi akizungumza kwa akili. Hata kichekesho cha Kazeh kinaanzia hapo hapo. Verne alijua kwamba Unyamwezi hufasiriwa kuwa nchi ya mwezi, akatunga kisa ambapo watu wanalidhania puto kuwa mwezi ulioshuka, Daktari anapelekwa kwa sultani mgonjwa kama mwana wa mwezi, kisha mwezi wa kweli unachomoza na wageni wanalazimika kukimbia. Kisa kimesukwa vizuri na kinachekesha, lakini kimetungwa juu ya jina tu, na watu wenye jina hilo hawamo. Kwa haki niongeze kwamba mwaka 1878, katika riwaya ya nahodha wa miaka kumi na mitano, Verne aliishambulia biashara ya watumwa waziwazi, na kwa mtoto wa Nantes hilo halikuwa jambo la kupita tu.

Baada ya mafanikio ya puto, Hetzel alimfunga kwa mkataba wa kutoa majuzuu matatu kila mwaka, ambayo baadaye yalipunguzwa kuwa mawili. Fikiria uzito wake. Riwaya nyingi zilitangulia kutoka kipande kwa kipande katika jarida la Hetzel la vijana lililoanza mwaka 1864, ndipo zikakusanywa kuwa vitabu vyenye picha. Verne aliamka alfajiri, akaandika kuanzia saa kumi na moja hadi saa tano asubuhi, mchana akasoma magazeti na majarida ya sayansi na kunukuu. Hivyo ndivyo zilivyopatikana riwaya 54 za mfululizo wa safari za ajabu uhai wake, na zaidi ya 60 ukihesabu zilizotoka baada yake. Zile za katikati ya dunia na za mwezini kila mtu amezisikia, na sina la kuongeza, isipokuwa kwamba Michel Ardan anayekwenda mwezini ni rafiki yake Nadar, mpiga picha na mrusha maputo, ambaye herufi za jina lake zimepanguliwa tu. Safari ya kuizunguka dunia kwa siku 80 ilitoka gazetini mwaka 1872, na mchezo wa jukwaani uliofuata mwaka 1874 ulimpa fedha ambazo tamthilia za ujanani hazikumpa.

Riwaya ninayoirudia ni ile ya farsakhi elfu ishirini chini ya bahari, ya mwaka 1869 na 1870. Nahodha Nemo anaificha asili yake. Verne alitaka awe Mpolandi aliyeuliwa jamaa zake na Warusi, lakini Hetzel, aliyekuwa na wasomaji Urusi, alikataa. Asili yake ikabaki gizani hadi riwaya ya kisiwa cha ajabu, ya 1874 na 1875, ambapo anabainika kuwa Mwanamfalme Dakkar, Mhindi aliyepigana na Waingereza katika maasi ya 1857. Mimi naona mabadiliko haya yalikinufaisha kitabu. Ukirudi nyuma ukijua hayo, unaelewa kwa nini Nemo, mahali pa kuzamia lulu huko Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, anamwokoa mzamiaji maskini kutoka kwa papa na kumwachia mfuko wa lulu. Na kuna ukurasa ambapo chombo chake kinapita mbele ya Muscat, kisha kinaambaa pwani za Mahra na Hadhramaut, nchi ambayo nusu ya majirani zangu huitaja wakihesabu mababu zao, kabla ya kuingia Bahari ya Shamu. Kama kingeendelea kusini badala ya kugeuka, kingefika kwetu.

Waliosoma riwaya hiyo kwa Kiingereza wajihadhari, kwani tafsiri ya zamani iliyoenea zaidi, ya Lewis Mercier, ilikata karibu robo ya kitabu, na jimbo la miamba mibovu kule Nebraska likageuka kuwa jimbo lisilopendeza. Mimi mwenyewe nilianza na hiyo, nikamlaumu Verne kwa upuuzi ambao hakuuandika.

Alipenda bahari kwa vitendo pia. Alimiliki vyombo vitatu, vyote vikiitwa Saint-Michel, na mwaka 1878 cha tatu kilimfikisha Tanja na Algiers. Afrika aliyoikanyaga ni ya kaskazini tu. Kuanzia 1871 aliishi Amiens, mji wa mkewe. Tarehe 9 Machi 1886 mpwa wake Gaston, aliyekuwa mgonjwa wa akili, alimpiga risasi mguuni, akabaki akichechemea hadi mwisho. Siku chache baadaye Hetzel naye akafa. Chombo kilikuwa kimeshauzwa. Mwaka 1888 alichaguliwa diwani wa mji, akashughulikia mambo ya jumba la maigizo na sarakasi, huku akiendelea kutoa majuzuu yake mawili, yenye kiza zaidi kuliko ya mwanzo. Alifariki tarehe 24 Machi 1905.

Vitabu viliendelea kutoka, lakini mwanawe Michel alikuwa amevibadilisha, vingine kwa sura nzima, na ilichukua miaka mingi hadi miswada ya asili ikachapishwa. Kilichoshangaza zaidi kilikuwa ndani ya kasha la chuma la familia, ambamo mwaka 1989 kitukuu chake aliukuta mswada ambao Hetzel aliukataa baada tu ya kile cha puto, akiuona dhaifu na usioaminika. Ulichapishwa mwaka 1994. Ni habari za Paris ya mwaka 1960, yenye treni za haraka, magari yanayotumia gesi na mashine za kupigia hesabu, na kijana mshairi anayekosa mtu wa kumsomea.

Hicho ndicho nilicho nacho mkononi sasa. Nimefika pale kijana anapoingia katika duka kubwa la vitabu kuulizia maandishi ya Victor Hugo, mwandishi mkubwa wa Kifaransa, na muuzaji hamjui huyo ni nani. Mjomba ameniuliza kama na huyu atapanda puto. Nimemwambia kwamba huyu anatembea kwa miguu, na huko kwao theluji imeanza kuanguka.