Tulivyopata kikomo cha kilomita 30 kwa saa mbele ya shule kwa kutumia simu zetu

Kampeni nyingi za mitandaoni hufia kwenye neno "serikali". Serikali ichukue hatua, watu wanaandika, wanapeana vidole gumba, basi. Sisi wazazi wachache tuliotaka magari yapunguze mwendo karibu na shule tuliuliza kwanza: nani hasa anatia saini? Tukaambiwa kikomo cha mwendo kwenye barabara zile huwekwa kwa kanuni ya halmashauri, na kwamba kabla ya kufika kwa madiwani, hoja hupitia kamati ndogo yenye ratiba yake ya vikao. Kumbe walengwa wetu walikuwa watu wa kuenea meza moja. Kila tulichochapisha baada ya hapo kiliilenga meza hiyo.

Ombi tuliliandika kwa sentensi moja, na hatukuligusa tena: kilomita 30 kwa saa kwenye barabara zinazopakana na shule, na alama ziwekwe. Wapo wenzetu waliotaka tuongeze taa, vivuko na faini kali. Mambo mazuri yote. Lakini diwani ukimpa mambo saba atachukua lililo rahisi, kisha atatangaza kwamba amewasikiliza wananchi.

Takwimu nzito tulikuwa nazo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kwa mwaka, na ndizo zinazoongoza kwa vifo vya watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Niliziweka Facebook, watu wakazipita. Kilichowasimamisha ni futikamba. Mwongozo wa barabarani wa Uingereza unakadiria kwamba gari linalokwenda kilomita 32 kwa saa huhitaji mita 12 hivi kusimama tangu dereva aone hatari. Likiwa kwenye kilomita 48, mita 23. Tukapima uwanjani, tukachora mistari ya chaki, mwenzetu mmoja akatembea kutoka mstari hadi mstari akihesabu hatua kwa sauti. Hatukuweka muziki wala picha za majeruhi (hizo humfanya mtu afunge simu haraka). Maneno tuliyaandika chini ya video, kwa kuwa wengi hutazama wakiwa wamezima sauti. Madereva waliokuwa wakitutukana wakaanza kubishana wao kwa wao kuhusu breki na matairi, nasi tukawaacha waendelee.

Kazi kubwa lakini ilifanyika WhatsApp. Huko ujumbe uliosambazwa mara nyingi hupigwa alama ya mishale miwili, na tangu 2020 huwezi kuupeleka zaidi ya mazungumzo mamoja kwa wakati. Watu nao wameshajifunza kuuogopa. Kwa hiyo hatukusambaza ujumbe mmoja. Kila mzazi aliandika wake, kwenye kundi analofahamika, akitaja barabara anayoivuka na mwanawe, ila ombi likabaki lile lile. Inachosha, na haikupi namba za kujivunia. Ila mtu humjibu jirani yake.

Swali lililojirudia lilikuwa, "Yaani mji mzima tutembee 30?" Tulichora ramani kwa mkono, tukapaka rangi vipande vinavyohusika tu, tukaiweka chini ya kila ulizo. Ile ramani ilizima ubishi kuliko maelezo yote niliyowahi kuandika.

Kuhusu kukusanya saini za wananchi mtandaoni, nilikuwa mbishi. Wales ilipofanya kilomita 32 kwa saa kuwa mwendo wa kawaida kwenye barabara nyingi za makazi mwezi Septemba 2023, ombi la kuipinga lilipata zaidi ya saini 400,000, na bado sheria haikufutwa. Kilichofuata ni mwongozo mpya ulioziruhusu halmashauri kurudisha mwendo wa zamani kwenye baadhi ya barabara. Nikawaambia wenzangu nguvu hiyo tuitumie kuwapata wazazi watakaokuja kikaoni.

Barua yetu ya kurasa mbili ilimfikia katibu wa kamati kabla hatujachapisha neno lolote kuihusu. Ofisa akikutana na barua yake Facebook kabla haijatua mezani, umeshamgeuza adui. Na diwani wa kwanza kukubali kuibeba hoja tulimshukuru hadharani, kwa jina na picha. Baadhi ya wanaharakati huona huko ni kujipendekeza. Mimi naona ni hesabu: aliisambaza posti ile mwenyewe, na wenzake wakaanza kuuliza hoja hiyo inahusu nini.

Kanuni ilipita ikiwa imepunguzwa, ikabaki kwa shule za msingi tu. Tuliipokea, siku hiyo hiyo tukaandika kwamba za sekondari bado tunazidai. Alama ndizo zilizochelewa. Kwa sasa tunachapisha picha ya kila barabara isiyo na alama, jina lake na namba ya kifungu kinachoitaja, na kila inapowekwa moja tunaifuta kwenye orodha na kuwashukuru mafundi walioisimika.