Wimbo wa sita, mara tatu

Kiitaliano nilikiokota kazini, mapokezi ya hoteli hapa Malindi. Nilianza na bei na salamu, mwisho nikawa nasoma magazeti wanayoacha wageni. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliponiachia Commedia, utenzi mrefu wa mshairi Mwitaliano Dante Alighieri ambamo yeye mwenyewe anasafiri ahera, aliniambia: "Ukichoka, soma wimbo wa sita mara tatu."

Kitabu kina sehemu tatu: Motoni, Toharani (mahali pa kutakaswa) na Peponi. Nyimbo ni 34, 33 na 33, jumla 100. Nilitoa kopi ya wimbo wa 6 wa kila sehemu, nikazipanga sambamba juu ya mkeka barazani, kila moja na kokoto lake, maana kaskazi ilikuwa inavuma.

Motoni, walafi wamelala topeni chini ya mvua baridi isiyokatika. Mmoja, Ciacco, anainuka na kumwambia Dante: nitambue. Ni mtu wa Florence, mji wa Dante huko Italia. Dante anamuuliza watu wa mji wao uliogawanyika wataishia wapi. Peponi, Kaisari Justinian anasimulia habari za tai, nembo ya dola ya Roma, na wimbo mzima ni sauti yake peke yake, tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Chini ni mji, juu ni dola.

Lakini wa kati ndio ulionishika. Sordello, mshairi wa karne ya 13, ameketi peke yake, anatazama kama simba aliyejilaza. Anawauliza wapita njia kwao ni wapi. Virgil, mshairi wa Roma ya kale anayemwongoza Dante, anatamka neno moja tu, "Mantova", na yule mtu anaruka alipo: mimi ni Sordello, wa mji wako! Wanakumbatiana. Kati yao kuna zaidi ya miaka 1,200, na Sordello hajui bado amemkumbatia nani. Jina atalisikia wimbo wa 7.

Mimi ni mzaliwa wa Lamu. Mwaka juzi, kwenye stendi ya basi, nilimsikia mzee akimuuliza utingo nauli kwa Kiamu, Kiamu cha bibi yangu hasa. Nilikuwa nimeshamshika mkono kabla sijamuuliza ni wa nyumba gani.

Hapo hapo kitabuni, kumbatio halijaisha, Dante anakata hadithi na kuililia Italia: jombo lisilo nahodha katika tufani kubwa. Nilimsomea mjomba wangu mstari huo, yeye aliyeendesha jahazi maisha yake yote. Akanyamaza kidogo, akasema, "Huyo alifukuzwa kwao." Kweli. Florence ilimfukuza mwaka 1302, akafia Ravenna 1321 bila kurudi.

Bibi alikuwa akitughania tenzi usiku. Katika utenzi, vipande vitatu vya ubeti vina kina chao, cha nne kinarudi kwenye bahari, yaani kina cha mwisho, na bahari hiyo haibadiliki hadi mwisho. Sita hizi tatu nazisikia hivyo hivyo. Ni kina kimoja kilichotupwa mbali, unakipokea baada ya maelfu ya mistari. Na sehemu zote tatu zinafungwa kwa neno moja, *stelle*, nyota. Hiyo kwangu ni bahari kabisa.

Sitaficha kwamba wimbo wa 28 wa Motoni uliniumiza. Unamtaja Mtume wetu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na nilikifunga kitabu wiki mbili. Nilikifungua tena kwa sababu ya Sordello.

Sasa mkekani ziko kopi za wimbo wa 26. Motoni, Ulysses, baharia wa hadithi za Kigiriki, anasimulia alivyopitisha chombo kwenye alama alizoziweka Hercules ili binadamu asivuke. Peponi, Adamu anasema kosa lake halikuwa kule kula tunda, ila kuvuka alama. Nilipokutana na mzizi mmoja wa neno, *segnò* (aliweka alama) huku na *segno* (alama) kule, nilisimama. Wa kati ni wa washairi wanaotakaswa ndani ya moto. Huo nausoma kesho baada ya alfajiri, kabla ya zamu.